Gazeti, jarida la mtandaoni, jarida la ughaibuni au shindano: kazi yako ya kwanza uipeleke wapi?

Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya ofisi ya walimu hadi wenzake wote wakaondoka. "Shikamoo, mwalimu," akasema, halafu akanyamaza. Mkononi alikuwa na daftari lililojaa maandishi mpaka ndani ya jalada. Alikuwa na swali moja: "Hii hadithi niitume wapi?"

Nililala na swali hilo usiku ule. Asubuhi nilikuwa na majibu manne, yote ya kweli, na nikaona si haki kumchagulia. Nimeyapanua hapa kwa ajili ya wengine wenye daftari kama lile.

Kwanza tukubaliane vipimo. Mimi natumia sita: mahali hapo panapokea lugha gani na aina gani ya kazi, umri na urefu unaoruhusiwa, gharama, muda wa kusubiri na namna ya kujibiwa, haki unazoziachia, na kile kitakachobaki mkononi mwako baada ya yote. Nitavipitisha vipimo hivi kwenye njia nne: kurasa za fasihi za magazeti ya Kiswahili, majarida ya fasihi ya mtandaoni ya hapa Afrika, majarida ya vijana ya ughaibuni, na mashindano.

Lugha na aina ya kazi

Hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote, na ndicho vijana wengi wanachokiruka.

Gazeti la Kiswahili lina mapenzi ya zamani na ushairi. Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923 lilifungua kurasa zake kwa tungo za wasomaji, na humo ndimo watu wengi walipolifahamu jina la Shaaban Robert kabla hajawa na vitabu. Kenya, Taifa Leo limeiendeleza desturi hiyo: mtunzi anatuma, shairi linatoka, na chini yake kuna jina, lakabu na mji anakotoka. Lakini kurasa hizi bado zinapenda arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Ukituma shairi huru unaweza kubahatika. Ukituma tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, iliyopungukiwa mizani, wasomaji wenyewe ndio watakaokusahihisha. Tazama ubeti huu niliowaandikia wanafunzi wangu kwa mazoezi:

Nimekaa na kalamu, usiku ukanikuta,
Maneno yalo matamu, yakaja bila kuvuta,
Kuyatuma nina hamu, mlangoni ninasita,
Mhariri mfahamu, ndipo barua kuleta.

Hesabu kwa vidole: ni-me-ka-a-na-ka-la-mu, nane. U-si-ku-u-ka-ni-ku-ta, nane. Vina vya kati ni "mu" na vya mwisho ni "ta", katika mishororo yote minne, bila kuyumba. Katika mshororo wa pili nimeandika "yalo" badala ya "yaliyo", kwa sababu "maneno yaliyo matamu" ingenipa mizani tisa. Mhariri wa ukurasa wa ushairi anayaona haya kwa mtazamo mmoja, kabla hata hajasoma shairi linasema nini. Hadithi nazo hupata nafasi, ila ziwe fupi hasa, kwa kuwa nafasi ya gazeti hupimwa kwa safu.

Majarida ya mtandaoni ya Afrika yana tabia tofauti kabisa. Njia iliandaliwa na Kwani?, jarida la karatasi lililoanza Nairobi mwaka 2003 na likawa na ujasiri wa kuchapisha hata Sheng, lugha ya vijana wa mijini Kenya. Jalada, kikundi cha waandishi kilichoanza 2013, kilitoa toleo zima kuhusu lugha mwaka 2015. Mwaka uliofuata kikaitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwanza kwa Gĩkũyũ, katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 2020 likaja Lolwe, lenye jina la Kijaluo la Ziwa Viktoria. Hapa shairi huru liko nyumbani, hadithi yenye muundo wa ajabu iko nyumbani, na insha ya maisha yako iko nyumbani. Kasoro ni kwamba sehemu kubwa ya majarida haya hufanya kazi kwa Kiingereza, na Kiswahili huingia kwa toleo maalumu au kwa wito maalumu wa kutuma kazi. Soma mwongozo wa kila toleo, usitegemee sifa ya toleo lililopita.

Majarida ya vijana ya ughaibuni, karibu yote, ni ya Kiingereza. Stone Soup la Marekani limekuwa likichapisha kazi za watoto tangu 1973. Teen Ink ni la vijana balehe. Polyphony Lit, lililoanzishwa 2004, huhaririwa na wanafunzi wa sekondari wenyewe. Yanapokea hadithi, mashairi na insha, na hayana shida na mtindo. Ushauri wangu ni mmoja: tuma huko kazi uliyoifikiria kwa Kiingereza tangu mwanzo. Nimesoma hadithi nyingi zilizohamishwa kutoka Kiswahili sentensi kwa sentensi, na kila mara kilichopotea ni utani wa bibi, yaani kile kile kilichoifanya hadithi iishi.

Mashindano ndiyo yanayokipa Kiswahili heshima kubwa kuliko njia nyingine zote. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya kazi za Kiswahili tu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi kisha ikaongeza nyanja nyingine. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein imekuwa ikiwainua washairi wa Tanzania tangu 2014. Na jambo ambalo wengi hawalijui: shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, linaloendeshwa kutoka London, hupokea hadithi za Kiswahili kama zilivyo, bila mwandishi kuzitafsiri mwenyewe.

Umri na urefu

Gazeti halikuulizi umri. Nimeona tungo za wanafunzi wa darasa la saba zikikaa jirani na za wazee wastaafu.

Majarida ya mtandaoni ya Afrika mara nyingi hayaandikwi kwa ajili ya watoto, ingawa kijana mwenye kazi nzuri hapigwi marufuku. Mengine huweka sharti la miaka 18, mengine huomba idhini ya mzazi. Hadithi za maneno elfu mbili hadi elfu tano ndizo zinazoelea vizuri humo.

Ughaibuni umri ndio msingi wa kila kitu. Stone Soup huishia miaka 14, Teen Ink ni kuanzia 13 hadi 19, na Polyphony Lit ni la walio sekondari. Uingereza kuna tuzo ya Foyle kwa washairi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi yoyote, na kuna shindano la insha la Malkia la Jumuiya ya Madola, ambalo limekuwepo tangu 1883 na hupokea pia hadithi na mashairi ya wanafunzi. Hayo mawili ni mashindano, lakini nayaweka hapa kwa kuwa lugha yake na wasomaji wake ni wa upande huo.

Kwa mashindano ya Kiswahili, urefu ndio unaowaangusha vijana. Safal-Cornell hutaka riwaya isiyopungua maneno 50,000. Daftari la yule binti halikufika hata sehemu ya ishirini ya hapo. Tuzo ya Nyerere nayo inataka mswada kamili. Shindano la Madola linataka hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000, urefu ambao mwanafunzi anaumudu, lakini mwandishi lazima awe ametimiza miaka 18 na awe raia wa nchi mwanachama. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wamo. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, pamoja na Kiswahili chao chote, hawamo, na hilo linaniuma.

Gharama

Gazeti ni bure, ukiacha bei ya nakala utakayonunua kuona kama umetoka. Majarida mengi ya Afrika ni bure pia. Ughaibuni baadhi hutoza ada ndogo ya wahariri kuisoma kazi yako, aghalabu kama dola tatu, na ada hiyo hulipwa kwa kadi ya benki. Kwa mwanafunzi wa bweni hiyo inamaanisha kumwomba mjomba mwenye kadi. Tafuta kwanza kama wana dirisha la bure, yaani kipindi cha kutuma bila ada, au msamaha wa ada. Wengi wanao, ila umeandikwa chini kabisa ya ukurasa. Tuzo kubwa nilizozitaja za Kiswahili, pamoja na ile ya Madola, hazitozi kitu.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Wapo wanaojiita waandaaji wa shindano ambao humwandikia kila aliyetuma, "Hongera, shairi lako limechaguliwa," halafu wanamtaka anunue kitabu kitakacholichapisha, nakala mbili, tatu, tano. Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja aliuza debe mbili za mahindi kwa ajili ya kitabu cha namna hiyo. Kitabu kilikuja, na shairi lilikuwemo, pamoja na mengine mamia yasiyopitiwa na mhariri yeyote. Ukiona unalipa baada ya kushinda, jua umeuziwa kitu.

Kusubiri na kujibiwa

Gazeti laweza kukuchapisha wiki ijayo bila kukwambia. Laweza pia kukaa kimya milele, na huwezi kujua kama kazi ilikataliwa au haikusomwa. Wenye bidii hutuma kila wiki na kununua gazeti siku ya ushairi.

Jarida la mtandaoni huchukua miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa wahariri wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha. Lakini likikukubali, mara nyingi unapata mhariri wa kweli. Kijana mmoja wa klabu yetu alituma hadithi iliyoanza na jua kuchomoza nyuma ya minazi, aya mbili nzima. Mhariri akamjibu: anza kwenye aya ya tatu. Aya ya tatu ilisema hivi: "Bibi alifungua fundo la kanga, akahesabu mia mia mpaka zikatimia elfu mbili, akazifunga tena." Kijana alikasirika siku tatu, siku ya nne akakata. Ile hadithi ilivyo sasa, huwezi kuiweka chini.

Kwa upande wa ughaibuni, Polyphony Lit lina sifa ninayoipenda sana: kila aliyetuma hurudishiwa maoni ya wahariri vijana, hata kama kazi imekataliwa. Kwa anayejifunza, maoni hayo yana thamani kuliko kuchapishwa. Mengine hukujibu kwa mistari miwili ya heshima, au hayajibu kabisa.

Shindano lina tarehe, na hiyo ni faraja ya aina yake. Tuzo ya Nyerere hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu; ya kwanza ilitolewa mwaka 2023. Foyle kwa kawaida hufunga Julai 31. Unajua lini utulie na lini uendelee na maisha. Usichopata ni maelezo: usipokuwa kwenye orodha ya walioteuliwa, hakuna atakayekwambia kosa lilikuwa wapi.

Haki

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, hata kama hujasajili popote. Unachokitoa ni ruhusa ya kuchapisha. Magazeti mara nyingi hayakupi mkataba wowote, na huenda wakapunguza kazi bila kukuuliza. Gazeti moja liliwahi kuacha ubeti wa mwisho wa shairi langu ili tangazo litoshe, na shairi likaisha kabla ya jibu la fumbo lake. Majarida makini, ya hapa na ya nje, huomba haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza tu, kisha kazi inarudi kwako. Mashindano yenye zawadi ya kuchapishwa kitabu huja na mkataba mrefu zaidi. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi ndiye atakayetia sahihi, basi akae nawe chini mkausome wote.

Kuna mtego mmoja unaozihusu njia tatu kati ya nne. "Haijachapishwa popote" kwa majarida mengi na mashindano mengi hujumuisha Facebook na blogu. Mwanafunzi wangu alikuwa amekubaliwa na jarida, furaha imejaa darasani, kisha mhariri akaliona shairi lile lile kwenye ukurasa wa Facebook wa shule, ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimeliweka kwa kujivunia. Jarida lilijitoa. Tangu siku ile siweki kazi ya mtoto yeyote mtandaoni kabla hajaniambia mipango yake. Magazeti hayajali sana hilo, ila ukishatoka gazetini, majarida na mashindano yatakuhesabu umechapishwa.

Kuhusu kutuma kazi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja: jarida likiruhusu, tuma, na siku moja wakikukubali waandikie wengine siku hiyo hiyo. Lisiporuhusu, heshimu.

Kinachobaki mkononi

Gazeti linakupa wasomaji wa mtaani. Fundi baiskeli atakuita kwa lakabu yako. Nimeliona hilo kwa macho, na sijui zawadi nyingine inayompa kijana nguvu kama hiyo. Fedha ni kidogo au hakuna, na baada ya wiki karatasi inafungia vitumbua, kwa hiyo kata ukurasa wako uubandike kwenye daftari.

Jarida la mtandaoni linakupa anwani ya kudumu ya kuwaonyesha watu, jina miongoni mwa waandishi wa rika lako kutoka Lagos hadi Windhoek, na pengine malipo kiasi. Lakini babu yako hataisoma, hasa ikiwa kwa Kiingereza.

Jarida la vijana la nje linakupa maoni, rafiki wa kalamu, na mstari mzuri kwenye maombi ya chuo. Mstari huo una thamani kwa anayetafuta nafasi ya masomo ya nje, na haimsaidii sana asiyeitafuta.

Shindano ndilo lenye fedha. Mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Nyerere amekuwa akipata shilingi milioni 10 za Tanzania na kitabu kuchapishwa. Safal-Cornell imekuwa ikitoa dola 5,000 kwa mshindi wa kwanza. Madola, pauni 5,000 kwa mshindi mkuu na 2,500 kwa wa kila kanda. Ukikosa, kinachobaki ni mswada uliokamilika, na huo si mdogo: bila ile tarehe ya mwisho, wengi wetu tusingemaliza kuandika.

Nani aende wapi

Kama unatunga kwa vina na mizani, na unataka kusikia watu wa kwenu wanasemaje, anza na gazeti. Tuma beti tano au sita zilizosafishwa, kila mara kazi mpya, na usiweke humo shairi unaloliwekea matumaini ya tuzo.

Kama una miaka chini ya 18 na Kiingereza ndicho unachoota nacho, tafuta jarida la nje linalorudisha maoni, au Foyle ukiwa mshairi. Jipe mwaka mmoja wa kujifunza humo bila kuhesabu kukubaliwa.

Kama umevuka 18 na una hadithi moja ya Kiswahili ya maneno 3,000 unayoiamini, shindano la Madola ni lako, na usiitoe popote kabla ya matokeo.

Kama una riwaya au diwani nzima ndani ya sanduku, usiivunje vipande vipande kuitoa mtandaoni. Soma masharti ya Nyerere ikiwa wewe ni Mtanzania, na ya Safal-Cornell popote ulipo, kisha pima kama miezi ya kusafisha unayo.

Kama kazi yako haifuati umbo linalojulikana, shairi lisilo na vina, hadithi ya ujumbe wa simu tupu, jarida la mtandaoni la Afrika ndilo litakalokusoma kwa subira. Ikibidi, subiri wito unaotaja Kiswahili.

Yule binti ana miaka 16, hadithi ya Kiswahili ya maneno 1,900, na hana haraka. Kwa umri na urefu, tuzo kubwa zilijifunga zenyewe. Gazeti lingemtaka apunguze nusu, naye hakutaka. Amechagua kusubiri wito wa jarida la mtandaoni, na wiki hii ameniletea barua ya kuambatisha, imeandikwa kwa kalamu ya wino upande mmoja wa karatasi:

"Ndugu Mhariri, naambatisha hadithi fupi yenye jina Kisima cha Nyuma, maneno 1,900. Haijachapishwa popote, wala kwenye mitandao ya kijamii. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Tanga. Mama yangu anajua kwamba naituma. Ahsante kwa kuisoma."